Kifaa Kisichouliza Njia

Dada mtu alimkokota kaka yake, dereva wa pikipiki anayesambaza dawa madukani, akanunue kifaa cha kuonyesha njia. Alichoka kusikia kila siku kwamba kaka kapotea tena, ikabidi asimame kwa yule bibie fundi cherehani kuulizia.

Muuzaji akakifunga kifaa kwenye usukani. "Hakiingii maji, na hakikosei. Kinakufikisha mlangoni bila kumuuliza mtu."

"Basi hakinifai," dereva akasema, akaanza kukifungua.

"Lakini njia zote hizo unazijua hata ukifungwa macho," dada akamwambia.

"Nazijua," akanong'ona. "Fundi ndiye hajui kwamba nazijua."

"Anajua kitambo. Jana kaniuliza lini utaacha kuuliza njia, uulize la maana."