Pale Cherehani Iliponyamaza

Fundi makochi alikuwa na mtindo mmoja uliowachekesha majirani. Kila alipomaliza kuandika hadithi, alimsomea mkewe akiwa kwenye cherehani. Si kwamba mkewe aliomba. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu, fremu za mbao upande huu, sponji upande ule, na mama watoto katikati, anashona vitambaa vya makochi kwa cherehani ya kukanyaga. Angekimbilia wapi?

"Haya soma, Bwana Mwandishi," alikuwa akimwambia. "Lakini nikikosea mshono, utaufumua mwenyewe."

Safari hii hadithi ilimhusu kaka yake fundi, aliyemfundisha kazi hiyo na kufariki kabla mtoto wake wa pekee hajaanza kutambaa. Mtoto huyo, binti, sasa alikuwa mtu mzima, muuguzi, na hakuwahi kuiona sura ya baba yake hata kwenye picha, maana picha zote ziliteketea nyumba ilipoungua. Mara nyingi alimuuliza fundi, "Baba mdogo, baba alikuwaje?" Na fundi, ambaye kwa mambo mengine mdomo haukumpa shida, alijibu, "Alikuwa mtu mzuri sana," kisha akajifanya anatafuta nyundo.

Ndipo akaamua kumwandikia. Akaandika, akachana, akaandika tena. Akaipeleka kwenye jarida moja la hadithi, na mhariri wake, mama mwenye sauti ya taratibu, akampigia simu.

"Fundi, sentensi zako zimenyooka. Ila huyu kaka simwoni. Namsikia anasifiwa tu, kama yuko kwenye jeneza. Nenda kamtafute. Nitaisoma tena mara moja tu, halafu nafunga toleo."

Fundi alibaki na simu mkononi. Haonekani vipi? Hadithi ile aliitengeneza kwa uangalifu kuliko kochi la arusi! Na utaratibu wake wa kutengeneza ulikuwa huu: akisoma, sikio moja analiacha kwenye cherehani. Cherehani ikiendelea kunguruma, mambo ni shwari. Ikinyamaza, basi amechemsha, mama watoto ameudhika au amechoka. Hapo alitia alama kwa penseli yake ya mbao, na baadaye akapafuta pote, bila huruma.

Siku ya pili akakaa juu ya fremu isiyo na sponji, akasoma upya. Cherehani ikanguruma mwanzo hadi mwisho, haikupumua hata kidogo.

"Unaona?" akasema. "Hakuna pa kugusa. Huyo mama anataka nini tena?"

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Mbona ile ya vichekesho umeitoa?"

"Ipi?"

"Shemeji anaanza kichekesho, anacheka mwenyewe kabla hajafika mwisho, mpaka leo hakuna anayejua viliishaje. Na ile ya kuzungumza huku misumari imemjaa mdomoni, wateja wanaitikia tu kitu ambacho hawakukisikia. Umezipeleka wapi?"

"Nimezitoa. Si ulizichukia?"

"Nani kakuambia?"

"Ulisimamisha cherehani."

Mama watoto akamgeukia, akamtazama kama mtu aliyeletewa kochi lenye miguu juu.

"Wewe mwanaume! Nilisimama kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Miguu ilisahau kukanyaga."

"Na pale ulipokuwa unashona?"

"Nilikuwa nashona! Kazi si inaningoja? Hapo kwenye 'alikuwa mchapakazi, alikuwa mwenye heshima, alikuwa mpenda watu', nimemaliza foronya nzima."

Fundi akaitazama penseli yake. Kumbe muda wote ule alikuwa akichomoa mbao na kuacha vumbi. Akakumbuka kipande alichokifuta kabla ya vyote, kile cha kaka kitandani, hana nguvu, anaomba mtoto alazwe kwenye sponji kando yake. Pale cherehani ilinyamaza kwa muda mrefu mno, naye akadhani mkewe amekasirika kwa kukumbushwa msiba.

"Hata ile ya sponji?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ile ndiyo ilinimaliza."

"Zile karatasi nilishazichoma."

"Sasa kelele za nini? Chukua kalamu. Mimi nimeshika kila kitu."

Na kweli alishika. Mama watoto alikunja mikono juu ya kitambaa akayasema yote, na pale fundi alipojaribu kuongeza neno la kupamba, alimkatiza: "Hilo hukulisoma siku ile. Liache." Cherehani ikakaa kimya asubuhi nzima. Mteja wa makochi ya kijivu alikuja, akaombwa arudi kesho. Akawatazama wawili hao, macho mekundu na huku wanacheka.

"Vipi, kuna msiba?"

"Hapana," mama watoto akamjibu. "Shemeji yangu amerudi."

Mhariri aliisoma siku ileile aliyopelekewa. Hakusema mengi. "Sasa nimemwona, fundi. Nimemwona kabisa." Fundi akamshukuru mpaka simu ikapata joto, kwa sababu yule mama angeweza kukataa mara ya kwanza akaendelea na shughuli zake, na asingekosea.

Jarida lilipotoka, binti alifika karakana akiwa bado na sare ya kazi, amelibana kwapani. Hakusalimia vizuri. Akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Baba mdogo, lile sponji aliloniwekea, lilikuwa laini?"

"La kwanza alilibonyeza kwa kiganja, akalikataa," fundi akasema. Safari hii hakutafuta nyundo. "Akanituma nilete jingine. Hilo ndilo ulilolalia."

Binti akaitikia kwa kichwa, akafuta macho. Kisha uso wake ukabadilika.

"Ngojeni niwaambie. Jana niliwasomea wagonjwa wangu. Nikafika pale pa misumari mdomoni, basi mzee mmoja akainuka kitandani, akaniambia, nesi..." Akaanza kucheka. "Akaniambia, nesi, hata mimi..." Hakufika. Alicheka mpaka akainama, anapiga kochi kwa kiganja, machozi yanamtoka, na hicho alichosema mzee hawajakisikia hadi leo.

Fundi alisimama kama amepigiliwa sakafuni. Alikuwa akikitazama kicheko kilekile, mabega yaleyale. Akamgeukia mkewe. Miguu ya mama watoto ilikuwa imetulia juu ya kikanyagio.

"Asante," akamwambia.

"Ya nini?"

"Ya kusahau kukanyaga."

Mama watoto akavuta pumzi, akavuta na kitambaa. "Haya, sogea hapo. Unaniziba mwanga."

Lakini ilipita muda kabla cherehani haijanguruma tena.