Mvua ya Miaka Mitano

Nikiongeza hata neno moja hapa, radi inipige nikinywa chai. Haya ni kweli tupu.

Daktari Ivyne Ajwang ni mwanahistoria wa sayansi: anachunguza watu wa zamani walipimaje dunia. Alinifuata Kangemi kwa sababu nilipima mvua huko miaka arobaini, kila asubuhi saa tatu, nikiandika daftarini. Mkataba wake chuoni ulikuwa unaisha Ijumaa. Bila kitabu, kazi kwisha.

"Mzee Jackton, nakosa mwaka sitini na nane hadi sabini na mbili," akasema. "Nimeuza hata gari juu ya huu utafiti."

Madaftari ya miaka hiyo yaliliwa na mchwa. Lakini mtu mzima analia kwenye kochi langu! Nikamwambia, "Rudi Alhamisi, mama. Yako darini."

Nikatafuta daftari kuukuu, nikalipaka chai, nikanyesha mvua kama Mungu: hapa milimita kumi na mbili, pale ukame, na siku ya harusi yangu nikajipa jua. Alhamisi Ajwang alilipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi akapiga simu. "Kuja River Road, kwa Harbhajan. Saa hii."

Harbhajan ndiye fundi wa vipimo aliyeniuzia glasi ya kusomea mvua. Ajwang alikuwa amempelekea daftari amweleze mvua ilivyosomwa zamani. Nilimkuta Ajwang ameketi sakafuni.

"Jackton, wewe mwongo sana, bana," Harbhajan akasema. "Glasi ya milimita nilikupa mwaka sabini na tatu. Kabla ya hapo ulisoma inchi. Hizi milimita za sitini na nane ulipima na nini, kijiko?"

Nilicheka. Peke yangu.

"Nilishawatumia chuo nakala jana," Ajwang akasema. "Kikao ni saa nane. Watasema nimebuni mimi. Hakuna chuo kitanichukua tena."

"Labda nilikuwa na glasi nyingine, ya mzungu fulani..."

"Mzee!"

Saa nane nilisimama chuoni mbele ya watu watano, kofia mkononi. "Niliandika mimi, juzi. Huyu hakujua."

"Tutamwaminije mwongo?" mwenyekiti akauliza, akanisukumia karatasi.

Nikaandika ukurasa mzima wa mvua ya uongo mbele yao. Wakalinganisha mwandiko na ule wa daftari.

"Daktari apewe miezi sita, aanze upya," mwenyekiti akasema. "Madaftari ya huyu mzee yasitumike. Yote."

"Mengine ni ya kweli," nikasema. "Miaka thelathini na mitano. Hata asubuhi niliyomzika mke wangu nilipima."

Mwenyekiti alikuwa ameshafunga faili.