Mvua Aliyekuja Kusahihisha Mapaa

Jana usiku, mwanangu Atu amenilalia kifuani na beseni liko palepale bati linapovuja, niliota somo langu la kwanza la leo jioni limeshaanza, nami nimechelewa.

Ni darasa lilelile la jioni la kuchora nyumba hapa Tukuyu nililosomea mimi, ila sasa mwalimu ndiye mimi, tena wa majaribio: nikiharibu siku ya kwanza, sirudi. Wanafunzi sita wanachora mapaa kwenye kompyuta. Kila anayemaliza, paa lake linatoka kwenye kioo na kumkaa kichwani. Hakuna anayeshangaa.

Hodi inabishwa mlangoni. Ni Mvua, amevaa miwani.

"Karibu, mama," nasema. "Umekuja kujiandikisha?"

"Nimekuja kusahihisha. Si umeandika ubaoni kwamba mvua haisomi mchoro, inasoma mteremko?"

"Nimeandika."

"Basi nasoma. Akilowa mmoja tu, darasa si lako."

Natazama vichwa. Wote wamechora nyumba za kuficha bati: kuta zimepanda juu kwa maringo, na nyuma yake bati limelala kama mkeka. Mteremko hakuna.

"Fundi Mwaisumo," namwambia mwanafunzi wangu mkubwa, aliyepiga kenchi za kubeba mapaa miaka thelathini, "hata wewe?"

"Wateja wa siku hizi hawataki bati lionekane, Mwalimu. Halafu hiki kipanya chako hakina timazi."

"Mimi nimechoka kulala," linasema paa lake. "Maji yatanituama mgongoni. Niinueni."

Mvua anafuta miwani. Hapohapo darasa linakuwa chumba changu cha kupanga. Atu amelala juu ya kibodi, na bati letu bovu limejaa kwenye kioo kikubwa kama ukuta.

Atu wangu halowi leo.

"Shikeni mstari wa katikati," nasema. "Vuteni juu. Mteremko wa nyuzi kumi na tano, zisipungue."

Mstari ni mzito kama boriti. Tunauvuta kwa mikono, Fundi akihesabu kama siku ya kupandisha kenchi: "Moja, mbili, beba. Moja, mbili, beba." Bati linainuka, kuta bado zimelificha, mfereji unajichora wenyewe nyuma.

Mvua anajimwaga mzimamzima. Anateleza kwenye bati, anapita mferejini, anatokea uani miwani ikiwa imepinda.

"Nani amelowa?" anauliza.

"Wewe peke yako, mama," anajibu Fundi.

Mvua anachukua kitabu cha mahudhurio, anatia sahihi. "Darasa lako, Mama Atu."

Nimeamka kumekucha. Nje jirani anazoa maji barazani kwake kwa dekio, analalamika kwamba mvua kama ya jana hajapata kuiona. Nikampapasa Atu: mkavu. Nikachungulia beseni. Halina hata tone, limeshika vumbi.

Nikaliondoa pale chini ya tundu, nikatandika shuka mezani, nikaanza kupiga pasi gauni la kuvaa darasani jioni.