Mobileti au Baiskeli ya Kwenda Buluo

…au nichukue mobileti, maana ina mota, na bukari, ugali wa mdogo wangu Séraphin, itafika gereza la Buluo bado ya moto, hilo halina ubishi, ila baiskeli nayo imeegemea ukuta hapa, kimya, haiombi benzini, na Mansour ameshasema cherehani yangu anaipokea kwa moja tu kati ya hizi mbili, muungwana huyu, anajifanya anapanga sabuni dukani mwake ili nisione kwamba ananisubiri… benzini, benzini gani, tangu askari walipopora mji inauzwa kwa chupa pembeni mwa soko la Kikula, imechanganywa na mafuta ya taa, ndiyo hiyohiyo aliyotia jirani yangu Kazadi siku aliponibeba kwa mobileti yake kwenda gerezani kumwona mdogo wangu, na mimi kwa akili zangu nikafunga kapu la chakula karibu na bomba la moshi, lipate joto, na joto likapata kweli, na harufu pia, mlangoni nikaonja kwanza mbele ya mlinzi, kama kawaida, nikameza kwa aibu, lakini Séraphin akala yote, "Iko muzuri, yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake, mwongo yule, nampenda mpaka naumwa… na Kazadi nje hakuzima mota, akiizima haiwaki tena, basi nikazungumza na ndugu yangu nimesimama, sikio moja liko nje, naye akapiga benchi kwa kiganja, "Ikala kwanza, yaya, minye siende fasi," haendi popote, akacheka, nami nikacheka, nikaenda zangu… Mansour ananitania sasa, eti nikiwa na mobileti nitapita Kikula kama mke wa direkta, natabasamu tu… na muuguzi wa dispensari naye, tension yako, presha ya damu, imepanda, Mama Élisabeth, miguu yako ilizoea basi la kampuni, basi limekufa, kanyaga baiskeli, la sivyo utaanguka njiani, alisema hivyo bila kupepesa macho, na nikianguka mimi nani atampelekea chakula, hatuna mwingine… basi kwa nini mkono wangu unarudi kwenye mobileti, ni kwa ajili ya bukari ya moto kweli, Élisabeth, usijidanganye, mobileti ni ya mtu anayesema wiki chache tu, atasamehewa, atatoka, mbio mbio tumalize, na baiskeli ni ya mtu atakayekwenda na kurudi mpaka mapaja yakomae, miaka, ndiyo maana naiogopa… haendi popote, alisema, alikwisha kujua, alikuwa ananiambia taratibu mimi dada yake mkubwa nielewe, na mimi nikacheka… "Utabeba gani, Mama? Ao utarudia kesho?" Mansour anauliza, mkono bado uko kwenye mobileti, ila jambo moja linaniuma na kunituliza kwa pamoja, Séraphin hatoki mwaka huu, wala mwakani, na siku atakayotoka lazima anikute hai.