Mkono wa Kushoto wa Dada

Hospitalini walimwita Mama Plasta, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho: miaka kumi na tisa katika chumba kimoja chenye sinki, meza ya chuma na msumeno mdogo wa umeme, akiwafunga watu mifupa na kuwafungua. Alijua kwamba mkono ukikaa wiki sita ndani ya plasta hutoka umekonda. Misuli hunywea kwa kukosa kazi, kano hukakamaa, kiwiko hugoma kukunjuka, ngozi hubambuka kama ganda la kitunguu. Hakuwa amewahi kuona vinginevyo.

Asubuhi hiyo aliyekaa kitini ni dada yake mkubwa, wa tumbo moja. Wiki sita nyuma dari ya nyumba iliyokuwa ikijengwa iliwaangukia yeye na mumewe, seremala. Dada alivunjika mkono wa kushoto, mifupa yote miwili ya chini ya kiwiko. Mume hakutoka. Tangu msibani dada hakuwa amedondosha chozi hata moja, na watu walishaanza kunong'ona.

"Kabla hujakata, niambie," dada akasema. "Mkono huchoka ndani ya plasta?"

"Huwasha tu. Utachokaje na haufanyi kazi?"

"Wangu huamka umechoka."

Mama Plasta akacheka kidogo, akawasha msumeno. Alipoipanua plasta na kukata pamba ya ndani, kicheko kilimkauka mdomoni.

Mkono ulikuwa umejaa. Misuli ilikuwa imekaza, kano za kifundo zimesimama kama kamba zilizovutwa. Akaupima kwa utepe, akapima na wa kulia, akarudia maana hakuyaamini macho yake. Wa kushoto ulikuwa mnene zaidi. Akageuza kiganja. Chini ya kidole cha shahada palikuwa na sugu ngumu, ya manjano. Na dada yake alikuwa mshonaji wa mkono wa kulia. Huo wa kushoto kazi yake ilikuwa kushikilia kitambaa tu.

"Shemeji alitumia kushoto," akajikuta amesema.

Dada alikuwa akitazama dirishani, na huku vidole vyake vikakunjuka, vikashika ukingo wa meza. Dole gumba likapita juu ya chuma, likarudi, likapita tena, kama la mtu anayetafuta mahali penye mikwaruzo.

"Si mimi huyo," dada akasema kwa sauti ndogo. "Mdogo wangu, nakuomba, nirudishie plasta."

Mama Plasta alitamani kufanya hivyo. Akaiinua picha ya eksirei kwenye mwanga: mifupa imeunga vizuri kabisa.

"Siwezi, dada. Ukifunga kiungo kizima unakiua. Unajua anachotaka?"

"Najua. Kitanda cha mjukuu."

Binti wa dada alikuwa mja mzito, na marehemu baba yake alikuwa ameanza kumchongea mtoto kitanda. Karakana yake ilikuwa imefungwa tangu siku ya ajali. Mama Plasta akaomba ruhusa kazini, wakaenda wote wawili.

Dada akaketi kwenye kigoda, mkono wa kulia ameupumzisha mapajani kama mgeni aliyekuja kutazama. Wa kushoto ukaichukua randa bila kupapasa. Mbao zikaanza kutoa maranda marefu, membamba. Mama Plasta alishikilia mbao mahali palipohitaji mkono wa pili, na kila vidole vyake viliposogea karibu na patasi, mkono ule uliacha kazi ukavisukuma kando kwa upole, vilevile kama alivyofanya shemeji enzi za uhai wake. Hapo nywele zilimsimama. Lakini hakuachilia.

Kufikia alasiri kitanda kilikuwa kimesimama kwa miguu yake minne. Mkono ukapangusa vumbi la mbao kwenye bega la dada, ukamgusa shavu. Kisha ukaanguka.

Mama Plasta aliudaka, na ndani ya viganja vyake akaihisi misuli ikilegea, ikipungua, mpaka akabaki ameshika mifupa na ngozi. Kiwiko hakikukunjuka. Sugu haikuwepo tena.

"Ameondoka?" dada akauliza.

"Huu sasa ndio mkono uliotoka kwenye plasta."

Dada akauangalia. Halafu akalia, kilio cha wiki sita, kilio cha kukaukiwa pumzi, na mdogo wake akaketi chini kwenye maranda akiwa bado ameushika ule mkono mkavu ili usining'inie.

Mazoezi yaliwachukua miezi. Wakati mtoto anazaliwa, dada aliweza kukunja vidole vitatu tu. Binti alipoletewa kitanda alikizunguka, akapitisha kiganja kwenye mbao laini.

"Si baba alikiacha nusu? Nani amekimalizia?"

Mama Plasta alifungua mdomo, dada akamwahi.

"Baba yako," akasema, na kutandika shuka kwa mkono wa kulia.

Binti akadhani swali lake halikusikika vizuri, akaliacha hapo.