Sauti ya Mwezi wa Nane

Mshonaji alikuwa amemwahidi mdogo wake kwamba kabla televisheni haijawashwa, Mama atakuwa ameshaambiwa. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta pa kuanzia. Alipopata, Mama alikuwa anakunja mashuka na kuitafuta foronya iliyopotea. Alipopata tena, Mama alikuwa amesinzia. Sasa jioni imeingia, viti vimegeuzwa kuelekea kwenye kioo cha televisheni, na jambo lenyewe bado halijasemwa.

Lilikuwa jambo fupi. Mdogo mtu, ambaye Mama alimwita Chiriku tangu anaota meno, alikuwa mwimbaji wa jazi. Mwezi wa kumi alipasuliwa koo, na daktari akawaambia wao wawili kwamba kunong'ona atanong'ona, ila kuimba ndiyo basi. Mama aliambiwa koo linapumzika.

Chiriku mwenyewe alikataa kukiangalia kipindi cha Krismasi cha jioni ile. Alijitanda mtandio, akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Dada, narudi kikiisha. Umwambie." Akatoka.

Mama hakuwahi kuipenda jazi. Albamu mbili za mwanawe zilikaa juu ya kabati, akizipangusa vumbi vizuri tu, lakini kuzisikiliza, hapana. "Mtu anaimba kama anaogopa kumwamsha mgonjwa," alikuwa akisema. "Kama una jambo, litoe tujue." Mshonaji hakubisha. Yeye alizipendea hilo hilo. Ukiwa peke yako na cherehani yako, Chiriku alikuja akakaa ubavuni, akavuta neno, akapumua, ukamsikia hata akimeza mate.

Ila Krismasi ni Krismasi. Kile kipindi cha nyimbo za Krismasi Mama hakikosi. Hata mwaka ule aliofariki Baba alikiangalia, analia na kikombe mkononi. Alipenda taa, mti mrefu, wapiga fidla na sare zao, na namna kila mtu alivyotabasamu kana kwamba duniani hakuna anayeumwa.

Baada ya kwaya ya watoto, akatokea Chiriku. Gauni jekundu, na mshonaji alilijua kila pindo lake, hata pale kiunoni alipounga kipande kwa kuwa kitambaa kilipelea. Alimfunga vifungo kwa mkono wake, siku ya kurekodi, mwezi wa nane, taa za studio zikiwachoma mpaka bitana ikaloa jasho, na theluji yenyewe ilikuwa pamba.

Mama akaweka kikombe chini.

"Kumbe ndiko alikokwenda," alisema.

"Mama..."

"Nyamaza nisikie. Mjanja huyu. Kajitanda mtandio kama anakwenda dukani, kumbe anakwenda kuimba. Amepona."

Mama alikuwa ameinama mbele, viganja katikati ya magoti, anatikisa kichwa pole pole, nyuma kidogo ya mdundo. Uso ule mshonaji hakuwahi kuuona mbele ya wimbo wowote wa Chiriku. Akasema moyoni, uishe huu tu. Ukaisha. Mama akapiga makofi peke yake sebuleni. Ukaanza mwingine, na mshonaji akasema, na huu.

Mlango ukafunguliwa. Mvua ilikuwa imemrudisha Chiriku kabla ya wakati. Alisimama kizingitini, mtandio unachuruzika, na kwenye kioo alikuwa bado anaimba.

Mama akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Wewe uko hapa," akasema. "Na yule?"

Chiriku akamgeukia dada yake. "Hukumwambia."

"Walirekodi mwezi wa nane, Mama," mshonaji akasema. "Kabla ya hospitali."

"Haya. Na sauti inarudi lini?"

"Hairudi," mshonaji akasema. Ikatoka hivyo hivyo, kavu, bila hata moja ya yale maneno aliyoyapanga mchana kutwa.

Mama hakulia. Alinyoosha mkono kuchukua rimoti azime. Chiriku akamshika kifundo cha mkono.

"Acha, Mama. Piano inaingia."

Basi wakaisikiliza piano. Mpigaji alikuwa mzee mwembamba, anavichekea vidole vyake. Maji yalidondoka kutoka kwenye mtandio mpaka kwenye zulia, na Mama, ambaye tone moja la chai lilitosha kumgombesha jioni nzima, hakusema kitu. Kisha ile sauti ya kwenye kioo ikarudi, chini chini, ikivuta maneno.

"Hapo unasema nini?" Mama akauliza. "Unayameza. Siku zote unayameza, mimi sishiki kitu."

Chiriku akakaa sakafuni karibu na magoti ya mama yake, akaanza kumwambia, mstari baada ya mstari, kwa mnong'ono wake wa kukwaruza. Mama akamwinamia, akakunja uso.

"Sema tena, mwanangu. Sikusikii."

Mshonaji akachukua rimoti, akapunguza sauti ya televisheni. Mama bado hakusikia vizuri. Akapunguza tena.