Mwalimu Mkuu Ana Silabi Ngapi?

Kompyuta kumi zilifika shuleni Jumatano asubuhi, zikiwa bado kwenye maboksi, na kabla ya kengele ya mapumziko Bi. Kamene, mwalimu mkuu, alikuwa ameshaamua pa kuziweka. Shule yao pale mtaani Mowlem ilikuwa ndogo, imejaa pomoni. Chumba kimoja tu kilikuwa na madirisha ya vyuma na kufuli la maana, nacho kilikuwa cha chekechea.

"Watoto wa Nabwire watahamia kile kibanda cha mabati karibu na jikoni," aliwatangazia walimu wakati wa chai. "Kwani si wao huimba tu na kucheza na vifuniko vya soda? Hata nje wanaweza kucheza."

Bi. Nabwire, aliyefundisha chekechea kwa miaka minane, aliinama akakikoroga kikombe chake ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani. Aliyesimama ni Everline, mwalimu wa Gredi ya Kwanza.

"Madam, kabla hujawahamisha, tazama hii."

Ilikuwa karatasi ya alama. Wiki iliyotangulia, shule sita za serikali za kanda yao ziliwapima watoto wa Gredi ya Kwanza kusoma. Shule yao, ambayo kwa mambo mengi hushika mkia, iliongoza. Watoto kumi na wanne walisoma hadithi hadi mwisho bila kukwama, na kumi na wawili kati yao walitoka chekechea ya Nabwire.

"Wanaotoka kwingine huja wakihesabu hadi mia kama kasuku," Everline akasema, "lakini ukiwapa neno geni wanakodoa macho. Wa Nabwire hulivunjavunja mpaka likubali."

Kamene aliitazama karatasi, akamtazama Nabwire. Moyoni alishuku kwamba kuna mtu aliyewakaririsha watoto ile hadithi. Lakini hakutaka kusema kitu bila ushahidi, kwa hiyo kesho yake akaenda mwenyewe kuona.

Alisikia makofi kabla hajafika mlangoni. Watoto thelathini na kitu walikuwa wameketi mkekani, wakipigia majina yao makofi. Shi-ku, mawili. Ndi-ra-ngu, matatu. Kila kofi, mtoto mwenye jina aliweka kifuniko kimoja cha soda mbele yake.

"Tuna mgeni," Nabwire akasema. "Mwambieni karibu."

"Ka-ri-bu!" Makofi matatu.

Shiku, binti wa miaka mitano mwenye pengo mbele, akauliza, "Wewe unaitwa nani?"

"Mimi ni mwalimu mkuu."

"Haya, jipigie."

Kamene alicheka. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka ishirini na miwili kabla ya kupewa ofisi. Akavuta pumzi, akapiga kwa madaha: "Mwa-li-mu-mku-u. Matano."

Shiku akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari mwenye habari mbaya.

"Umeruka moja."

"Nimeruka wapi, mama?"

"Hiyo m. Inakaa peke yake. Funga mdomo usikie." Akafunga midomo, akavuma kama nyuki. "Mmm. Kuu. M-ku-u."

Kamene akafunga midomo. Akavuma. Watoto wote wakavuma naye, chumba kikawa mzinga. Mwa. Li. Mu. M. Ku. U. Sita! Na yeye ndiye aliyekuwa akiwaadhibu wanafunzi wa darasa la nane kwa kosa hilo hilo! Alicheka hadi machozi yakamtoka, akajishika ukutani, na watoto, wasiojua kinachochekesha, wakacheka kwa kuwa kicheko ni kitamu.

"Nani aliwafundisha?" akauliza alipopata pumzi.

"Titcha," wakajibu. "Lakini tulikuwa tunacheza tu."

Kamene alikaa mkekani hadi saa ya uji. Alipoinuka, magoti yakilia, alimshika Nabwire mkono.

"Nilikuja nikidhani nitakushika na kosa," akamwambia. "Nisamehe, mwalimu. Chumba ni chenu."

"Na kompyuta, Madam?"

"Ofisi yangu nayo ina kufuli."

Ijumaa maboksi yaliingia ofisini, na meza ya mwalimu mkuu ikabebwa hadi kwenye chumba cha walimu, ikawekwa pembeni, kando ya birika. Nabwire alipewa rafu ya vitabu iliyobaki bila mwenyewe. Wazazi waliposikia habari za alama, waliokuja kuandikisha watoto wa mwaka ujao walizidi nafasi zilizopo. Kila mtu alifurahi, isipokuwa walimu wawili waliokuwa wamezoea kumsengenya mkubwa wao wakati wa chai. Siku hizi hunywa chai yao wakiwa wamesimama uwanjani, hata mvua ikinyesha.